Moto kwa Stadi Iliyokatika

Kwa Kiswahili cha darasani, stadi ni mtu mwenye ujuzi. Kwenye gereji za Kitui na Wote, stadi ni kile chuma chenye meno ncha zote mbili, kinachoshikilia hedi ya injini. Stadi ya pili ikikatikia ndani, ndio utajua nani stadi wa kwanza.

Chukua injini ya Lister, dizeli nzito kutoka Dursley, Uingereza, iliyozungusha mashine za kusaga mahindi kwa miongo mingi. Hupozwa kwa maji ya tangi au pipa. Sasa, maji ya visima vingi vya Kitui, hasa ukishuka kuelekea Mutomo, yana chumvi. Chumvi na joto huleta kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana nati hukwama kama imemwagiwa simiti. Ukiilazimisha, inakatika. Mashine ikinyamaza, mama aliyebeba debe la mahindi anaendelea na safari hadi soko linalofuata.

Lakini si kutu tu. Historia nayo imo kwenye meno. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa bolti za Uingereza, meno yakiwa na pembe ya digrii 55. Wamarekani wakachagua 60. Kwa macho huoni tofauti. Kwa mkono, bolti inaingia mizunguko miwili kisha inakaba. Vita ya Pili vya Dunia vikaleta huku malori ya kila aina, na Wakamba, walioandikishwa jeshini kwa wingi, wakawa miongoni mwa walioyaendesha. Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana meno ya pamoja, lakini injini za zamani hazikusikia habari hiyo. Baadaye zikaja Peugeot na magari ya Japani, yote milimita. Basi fundi wa Emali anahitaji spana za ukoo tatu, na ile “inayokaribia kutosha” ndiyo inayokula kona za nati.

Stadi ikikatika huku kipande kimebaki nje, fundi mzuri hakimbilii nguvu. Anachomelea nati mpya juu ya kile kisiki. Ule moto wenyewe ni nusu ya dawa: chuma kinatanuka, kutu inapasuka, kisha kikipoa kinaachia. Akitumia gesi, anapasha pembeni mwa stadi, ndio tundu lipanuke. Kisha anagusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunywewa ndani ya meno. Anazungusha robo, anarudisha, robo tena. Hapo kijana wa mkono huchoka kungoja na kuomba bomba refu la kuongezea spana. Mnyime.

Historia ya ufundi huu husimuliwa kama zawadi ya reli, iliyopita Kibwezi na Makindu kabla ya kufika Nairobi 1899, na ya mafundi Wahindi walioifuata. Ni kweli, na gurdwara ya Makindu, iliyojengwa 1926, bado inalisha wasafiri. Ila naona masimulizi hayo yanaanzia katikati. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeandika kitabu kuhusu Wakamba, aliwakuta wahunzi wenye mivukuto na makaa, na mikufu myembamba ya kazi ya mkono. Sisemi kila mekanika wa Mwingi ni mjukuu wa mhunzi. Nasema kusoma rangi ya chuma motoni, na kujua lini uache kupiga, hakukushuka kutoka kwenye treni.

Kisiki kikiwa kimezama ndani, kazi inageuka ya daktari wa meno. Unapiga alama katikati kabisa, unatoboa kwa drili nyembamba, kisha nene kidogo. Ukipinda, umekula meno ya injini yenyewe. Kuna kifaa cha kugeuza kinyume, cha kuingiza kwenye tundu hilo, lakini nakiogopa: ni chuma kigumu sana, kikikatikia humo hata drili haikiwezi.

Mwisho unapitisha tapu kusafisha meno, unapaka grisi, unaweka stadi mpya na gasketi, unafunga kwa zamu, kona hii kisha ile ya mkabala. Mmoja anashika hendeli. Magurudumu mazito yanaanza kuzunguka polepole, moshi mweusi unatoka, na mtu anauliza nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni.