Edison Ana Mnara, Shinkolobwe Je?

Wandugu, kule Menlo Park, New Jersey, maabara ya Thomas Edison haipo tena. Lakini pale alipotengeneza taa yake mwaka 1879 kuna bustani na mnara, juu yake ampuli kubwa.

Sisi wa Likasi tuko na Shinkolobwe, kilomita kama 20 tu. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini yake ziliwekwa ghalani Staten Island, New York. Urani ya Shinkolobwe ndiyo ilifanya sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima, 1945.

Jina la Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, liko vitabuni. Ya wachimbaji yako wapi? Mnara unaomba makuta. Kalamu tuko nayo. Tuulize wazee wa kwetu majina, tuandike, kabla hawajatutoka.