Ufunguo (katika kuingia kwa mbali)

ufunguo nm [U-ZI; wingi: funguo] 1. kifaa cha kufungulia kufuli au kitasa. 2. (kompyuta) moja kati ya faili mbili zinazomthibitisha mtu anapoingia kwa mbali katika ruta, swichi au seva. Makala haya yanahusu maana ya pili, ambayo imeingia katika lugha bila ya kupimwa vya kutosha.

Umbo la neno lenyewe linaeleza kazi yake. Kitenzi *funga* kikitiwa kiambishi cha kutendua huwa *fungua*, kama *ziba* iwavyo *zibua* na *kunja* iwavyo *kunjua*. Kutokana na *fungua* tunapata jina la ala, *ufunguo*, kwa njia ile ile ambayo *fagia* hutupa *ufagio* na *pepea* hutupa *upepeo*. Kwa Mswahili, basi, ufunguo ni kifungulio, hata kama pia tunaufungia mlango tunapotoka. Kiarabu kina hali hiyo hiyo, kwani *miftah* hutokana na kitenzi chenye maana ya kufungua. Neno la Kiingereza ambalo istilahi hizi zilitafsiriwa kutoka kwalo halina kitenzi hicho ndani yake, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Tafsiri iliyozoeleka huzitaja faili hizo mbili kuwa *ufunguo wa siri* na *ufunguo wa umma*. La kwanza halina kasoro. La pili, likisomwa kwa Kiswahili tu, linasema: kifungulio cha watu wote. Ni nani atakayekubali kuwekewa kitu cha namna hiyo mlangoni pake?

Kijana mmoja niliyemfundisha isimu, ambaye riziki imempeleka kwenye mitambo, hutunza ruta za skuli kadhaa katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Fundi aliyekuwa Unguja, akitayarisha ruta mpya, alimwandikia: "Nitumie ufunguo wako niuweke." Kijana akafungua kompyuta yake akakuta faili mbili, `id_ed25519` na `id_ed25519.pub`. Alifikiri kama ambavyo ningefikiri mimi, kwamba ufunguo halisi ni ule usio na mkia. Akautuma kwa WhatsApp. Kwa kufanya hivyo alimkabidhi mtu mwingine, pamoja na kila atakayeishika simu ya mtu huyo, uwezo wa kuingia katika ruta zote alizokuwa akizitunza. Ilimbidi aunde jozi mpya na kuiondoa ile ya zamani katika kila kifaa, na skuli mbili zilimlazimu kuzifuata kwa miguu yake, kompyuta mkononi na waya mfukoni. Nilipoulizwa kama huo ni uzembe, nilijibu kwamba aliitii lugha. Aliyekosea ni aliyetafsiri.

Jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi si siri. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kutenganisha sehemu inayoweza kutangazwa na sehemu inayofichwa. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, aliunda itifaki ya SSH baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo hicho, kwa kuwa zilipita humo wazi zikisomeka. Mtu anapoingia kwa funguo, kompyuta yake hutia saini ujumbe unaohusu mazungumzo hayo tu, kwa kutumia faili ya siri. Kifaa cha mbali huikagua saini hiyo kwa faili ya wazi kiliyowekewa kabla. Faili ya siri haisafiri hata hatua moja.

Zanzibar tuna mfano ulio karibu zaidi na ukweli huo kuliko mlango: muhuri wa sheha. Muhuri hubaki katika mtoto wa meza yake. Ofisi nyingine zinaijua chapa yake tu, nazo hupokea barua kwa kuilinganisha. Tofauti ni kwamba chapa ya wino huweza kuigwa na mchongaji hodari, ilhali faili ya wazi haimpi mwigaji njia inayotekelezeka ya kuipata ile ya siri. Kwa usahihi wa kitaalamu ningechagua *muhuri* na *chapa*. Lakini istilahi haiishi kwa usahihi peke yake. Neno *ufunguo wa siri* limeshakita mizizi, na mwenziwe wa asili ni kufuli. Napendekeza, basi, *ufunguo wa siri* na *kufuli la wazi*. Kufuli huweza kutundikwa katika milango mia, likaonwa na kila mpita njia, na halimfungulii yeyote asiye na ufunguo wake.

Pendekezo hili linapimika katika maelekezo ya kazi. Mtu huunda jozi yake katika kompyuta yake mwenyewe kwa amri ya `ssh-keygen -t ed25519`, na huulizwa neno la siri la kuulinda ufunguo, ambalo si vyema kuliacha tupu. Kisha kufuli, yaani faili yenye mkia wa `.pub`, hupelekwa kwenye kifaa. Katika ruta zenye mfumo wa OpenWrt hukaa katika `/etc/dropbear/authorized_keys`, likiwa mstari mmoja mrefu. Likikatika mistari miwili wakati wa kunakiliwa, halifanyi kazi. Kabla ya kuzima uingiaji wa nywila, dirisha la kwanza liachwe wazi na lijaribiwe la pili. Anayeharakisha hapa hujifungia nje, na kwa aliyeko Unguja nje maana yake ni boti hadi Mkoani, kisha gari kukikata kisiwa chote hadi Micheweni.

Liko neno jingine linalogongana na hili. Kifaa nacho kina jozi yake, ya kujitambulisha kwa mgeni, na mafundi huiita vilevile "funguo". Katika ruta na swichi za Cisco, amri ya `crypto key generate rsa` huunda jozi ya kifaa, wala haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia. Nimewasikia wanafunzi wakiitoa amri hiyo kisha wakishangaa kuona bado wanadaiwa nywila. Kwa jozi hii napendelea *kitambulisho cha kifaa*. Ndicho kinachoonyeshwa kwa muhtasari mara ya kwanza mtu anapounganishwa, kompyuta ikiuliza kama aendelee, na karibu kila mtu hujibu ndiyo bila ya kusoma. Kikija kubadilika baadaye, huenda ruta imefutwa na kuandaliwa upya, au huenda kuna mtu kati aliyejifanya ruta. Apigiwe simu aliyeko skuli kabla ya kuendelea.

Matumizi. *Nitumie kufuli lako, ufunguo ubaki kwako.* *Kufuli la fundi aliyehama liondolewe katika ruta zote.* *Ufunguo wake umepotea, makufuli yote yabadilishwe.* Katika Kiswahili sanifu *kufuli* huwekwa katika ngeli ya LI-YA, ingawa *kufuli hii* na *kufuli zile* husikika sana, hasa Kenya. Wingi wa *ufunguo* ni *funguo*. Umbo *mafunguo* lisitumiwe katika maandishi rasmi.