Shule ya Mashujaa na Kifo Kisicho na Hukumu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akifika Kibaha husikia makondakta wakitaja majina ya watu badala ya majina ya mitaa: Kwa Mathias, Kwa Mfipa. Ndiyo desturi ya Pwani. Mtu hukaa mahali akafahamika, kisha huondoka, na jina lake likabaki midomoni mwa watu wasiopata kumwona. Historia ya vyama vya ukombozi vya Afrika nayo ina vituo vya namna hiyo. Majina ya mashujaa hutajwa kila mwaka kwa nyimbo na mashada ya maua, ilhali habari zao zenyewe haziulizwi tena.

Kwa Mfipa ndipo ilipojengwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Februari 2022. Ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, na ni mali ya vyama sita vilivyotokana na harakati za ukombozi: CCM ya Tanzania, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZANU-PF ya Zimbabwe. Makada vijana wa vyama hivyo hukusanywa hapo wakafundwa uongozi. Si shule ya kwanza ya namna yake katika ardhi hii. Miaka sitini kabla yake ilikuwapo nyingine, Kurasini, Dar es Salaam, ambayo nayo ililea vijana waliotazamiwa kuwa mashujaa wa taifa lao. Shule hiyo ilifungwa kwa fujo mwaka 1968. Haukutimia mwaka mmoja baada ya hapo, mtu aliyeiasisi aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, na hadi leo hakuna mahakama iliyomhukumu mtu yeyote kwa kifo hicho.

Mtu huyo ni Eduardo Mondlane. Alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, akasoma Afrika Kusini, Ureno na Marekani, na mwaka 1960 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, kisha akaiacha kazi hiyo na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1963. FRELIMO ilikuwa imekwisha kuundwa mjini humo tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi wa Msumbiji, naye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake. Chama hicho kilikuwa na watu wengi wenye ari, lakini wasomi wake walikuwa wachache mno. Hata siku ya uhuru wa Msumbiji, mwaka 1975, zaidi ya watu 90 kwa kila 100 nchini humo hawakujua kusoma. Kwa hiyo kabla ya risasi ya kwanza kulia, Mondlane na mkewe Janet, Mmarekani, walianzisha Taasisi ya Msumbiji huko Kurasini, na Janet akawa mkurugenzi wake.

Fedha za mwanzo zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno, iliyokuwa mwanachama wa NATO, ililalamika, na mfuko huo ukafungwa; nchi za Nordiki, Sweden ikitangulia, zikashika nafasi yake. Hapa pana jambo linaloiunganisha Kurasini na Kibaha. Mwaka huohuo wa 1963 ulianza mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki huko Kibaha, uliozaa shule ya sekondari, hospitali ya Tumbi na mafunzo ya wakulima, kisha ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Sekondari ya Kibaha baadaye ilihesabiwa pamoja na Ilboru, Mzumbe na Tabora kuwa miongoni mwa shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Basi shule mbili zilianza wakati mmoja, kwa fedha za kaskazini, kwa ajili ya vijana werevu. Ya Kibaha ilikuwa na nchi yake chini ya miguu yake. Mwanafunzi wake alijua kwamba akifaulu, serikali ina kazi ya kumpa. Ya Kurasini ilikuwa shule ya taifa ambalo bado halijazaliwa, katika mji wa ugenini, na mwanafunzi wake hakuweza kujua akifaulu ataambiwa aende wapi.

Swali hilo la kwenda wapi ndilo lililoichoma shule. Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, uongozi wa FRELIMO uliona kwamba mwanafunzi ni mpiganaji aliyepewa kalamu kwa muda. Akihitajika mstarini, hana budi kuiweka chini. Wanafunzi wengi waliona vinginevyo. Walikuwa wametembea mamia ya maili kutoka Zambezia, Tete na Cabo Delgado kwa kuahidiwa masomo, na baadhi ya wenzao walikuwa wamekwisha kupelekwa vyuo vya Ulaya na Marekani. Kwa nini wao wapelekwe porini? Tena miongoni mwa walimu wao walikuwamo Wareno wazaliwa wa Msumbiji waliojiunga na FRELIMO. Kwa kijana aliyekimbia mjeledi wa Mreno, kumkuta Mreno mbele ya ubao, hata akiwa mwenzake katika harakati, lilikuwa jambo gumu kulimeza.

Mwaka 1967 alifika padri Mkatoliki kutoka Msumbiji ya kati, Mateus Gwenjere. Alikuwa msemaji hodari, na malalamiko ya wanafunzi yakapata kinywa. Alidai wapewe nafasi za kusoma nje, akawashutumu walimu wazungu, akaugusa na ukabila uliokuwa ukinong'onwa: kwamba wanaoamuru ni watu wa kusini na wanaokufa ni watu wa kaskazini. Mapema Machi 1968 viongozi na askari wa chama waliingia mabwenini usiku, mapigano yakazuka, polisi wa Tanzania wakaitwa. Shule ikafungwa. Wanafunzi wengi walitawanyika, baadhi yao wakavuka mpaka kuingia Kenya, na walimu wazungu wa chama wakatakiwa kuondoka Tanzania. Mwezi Mei kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, na mwanachama mmoja, Mateus Muthemba, akafa kwa majeraha.

Julai 1968 chama kilifanya mkutano mkuu wa pili ndani ya Msumbiji, jimboni Niassa, na Mondlane akachaguliwa tena. Walakini ufa haukuzibika. Desemba kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipovuka mto Ruvuma kuingia Cabo Delgado. Lawama zilimwangukia Lazaro Nkavandame, kiongozi wa jimbo hilo, aliyesimamishwa uongozi mwanzoni mwa Januari 1969 na baada ya miezi michache akajisalimisha kwa Wareno.

Tarehe 3 Februari 1969 asubuhi, Mondlane alipitia ofisini akachukua barua zake, kisha akaenda Oyster Bay, nyumbani kwa rafiki wa familia, alikopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua kulikuwa na kifurushi chenye kitabu cha Plekhanov. Alipokifungua, kikalipuka, naye akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 48. Vifurushi vingine viwili vya namna ileile viligunduliwa baadaye kabla ya kumdhuru mtu.

Upelelezi wa polisi wa Tanzania, uliosaidiwa na wataalamu wa nje, ulifanywa kwa umakini ambao msomaji wa hadithi za upelelezi angeufurahia. Mabaki ya bomu yalichambuliwa, betri zake zikatambuliwa kuwa zimetengenezwa Japani, na nyendo zake zikafuatwa hadi kwa muuzaji wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Mwaka 1972 mwandishi David Martin aliyatangaza matokeo hayo katika gazeti la Observer la London. Baada ya utawala wa kidikteta wa Ureno kuanguka mwaka 1974, habari zaidi zilitoka kwa waliokuwa maofisa wa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, na jina lililotajwa mara nyingi kuwa la mtengenezaji wa bomu ni Casimiro Monteiro, mtu aliyehusishwa pia na mauaji ya Jenerali Humberto Delgado mwaka 1965. Kwa upande huo, basi, fumbo limefumbuliwa kwa kiasi kikubwa.

Lakini kifurushi hakina miguu. Kilipita mikononi mwa watu hadi kikafika miongoni mwa barua za rais wa chama. Nani aliyekiingiza? Alijua ndani mna nini? Upelelezi wa betri hauwezi kujibu maswali hayo, na hapo ndipo methali iliposhika nafasi ya ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili, na maneno hayo yana hekima yake. Yana na hatari yake pia, kwa kuwa hayamtaji mtu. Aliye na mamlaka ndiye huamua kidole kielekee wapi. Silverio Nungu, aliyekuwa katika utawala wa ofisi ya chama, alipelekwa Cabo Delgado mwaka huo wa 1969, akafia huko mikononi mwa wenzake. Uria Simango, makamu wa rais, aliyetarajia kumrithi Mondlane, aliwekwa katika baraza la watu watatu pamoja na Samora Machel na Marcelino dos Santos. Mwezi Novemba 1969 aliandika waraka wa kuwashutumu wenzake, akatolewa katika uongozi.

Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru, Simango, Joana Simeão, Gwenjere, Nkavandame na wengine walikuwa wamekamatwa. Katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wafungwa walioneshwa mbele ya umati, na Simango akasoma maungamo marefu ya usaliti. Hapakuwa na wakili wala shahidi wa kuhojiwa. Baadaye walipelekwa Niassa, wakauawa kwa siri bila kufikishwa mahakamani, na kwa miaka mingi jamaa zao hawakuambiwa siku wala kaburi.

Tukio la Nachingwea lina sura ya kitu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua vema. Tangu Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipomtoa Bwana Msa mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya mauaji kwa Kiswahili imekuwa na mwisho wake unaosubiriwa: watu hukusanywa, mpelelezi husimama, na ukweli husemwa mbele ya wote. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Bwana Msa huwakusanya watu baada ya kupima kila neno na kila alama, na mara nyingi aliyetuhumiwa na wengi hutoka akiwa safi. Nachingwea watu walikusanywa ili tuhuma iwe ukweli. Sura ya mwisho ilisomwa, sura za katikati hazikuandikwa.

Wapo watakaosema kwamba vita havina nafasi ya mahakama, na kwamba chama kilichowindwa na PIDE kisingeweza kuwavumilia wanaosengenya. Hoja hiyo ina uzito kwa mwaka 1969, wakati hatari ilikuwa mlangoni. Haina uzito huo kwa mwaka 1977, wakati PIDE ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na chama kilikuwa serikali yenye mahakimu na magereza. Hata kwa mwaka 1969 inaacha jambo moja nje. PIDE haikuuzua mgogoro wa Kurasini. Ilikuta vijana walioambiwa kuwa wao ni wateule wa taifa, kisha walipouliza wanapelekwa wapi wakajibiwa kwa rungu usiku. Madai yao mengine yalikuwa ya haki, mengine yalikuwa na sumu ya rangi na kabila. Yalihitaji kutenganishwa kwa mazungumzo, nayo yakafungiwa pamoja na shule. Kwa muda wa miezi kumi na mmoja iliyofuata, kila mtu katika chama alikuwa na sababu ya kumshuku jirani yake, na mazingira hayo ndiyo yaliyomfaa aliyetuma kitabu.

FRELIMO yenyewe ilijifunza nusu ya somo hilo. Mwaka 1970 ilifungua sekondari mpya Bagamoyo, yenye nidhamu kali, iliyochanganya masomo, kilimo na siasa, na kutoka humo wakatoka watumishi wengi wa taifa jipya. Nusu ya pili, ya kwamba mwanafunzi anayeuliza si lazima awe adui, ilichelewa. Nchini Msumbiji tarehe 3 Februari ni Siku ya Mashujaa, na chuo kikuu kikubwa cha nchi hiyo kinaitwa kwa jina la Mondlane. Watoto wa Simango, Daviz na Lutero, walikua wakaingia siasa za upinzani. Daviz alikuwa meya wa Beira hadi kifo chake mwaka 2021. Hata wao walirithi swali badala ya hukumu.

Makada wa FRELIMO waendao Kibaha leo hukaa darasa moja na vijana wa CCM, ambao polisi wa nchi yao ndio waliozishika betri zile mikononi. Shule yao ina jina la Nyerere, aliyekuwa mwenyeji wa Mondlane. Ikiwa kuna mahali ambapo jalada la Kurasini lingefaa kufunguliwa, likasomwa tangu mgomo wa mabwenini hadi mashimo ya Niassa, ni hapo, katika darasa la wale watakaopewa kesho mamlaka ya kuamua kidole kielekee wapi.