Leza ya fraksheni

Leza ya fraksheni ni tiba ya ngozi ambamo mwali wa leza hugawanywa kuwa vimwali vingi vyembamba, ili ngozi iunguzwe kwa vitone tu na sehemu iliyo kati ya kitone na kitone ibaki nzima. Hutumika kupunguza makunyanzi, makovu ya chunusi, makovu ya kuungua na madoa ya jua. Mashine zake hutofautiana kwa urefu wa wimbi, kwa kina na kwa namna zinavyoijeruhi ngozi. Tofauti hizo ndizo zinazoamua nani atibiwe kwa ipi, na kwa mwenye ngozi nyeusi uamuzi huo una uzito wa pekee.

Historia

Katika miaka ya 1990 leza ya kaboni dioksidi ilitumika kubandua tabaka lote la juu la ngozi ya uso. Makunyanzi yalipungua sana, lakini mgonjwa alikaa na kidonda kibichi kwa wiki moja hadi mbili, wekundu uliendelea kwa miezi, na baadhi ya wagonjwa walipoteza rangi ya ngozi baadaye. Mwaka 2004 Dieter Manstein na R. Rox Anderson wa Massachusetts General Hospital, Boston, pamoja na wenzao, walichapisha njia ya kuugawa mwali. Fraxel, mashine ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni, ilitumia wimbi la nanomita 1,550.

Utendaji

Leza hizi hulenga maji yaliyomo katika tishu. Kila kimwali huacha safu wima ya tishu iliyoungua, mara nyingi yenye upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Seli nzima zilizo kando husogea na kulifunika jeraha haraka, kwa kuwa kila kidonda ni kidogo mno. Chini yake mwili hujenga kolajeni mpya, yaani protini inayoimarisha ngozi, kwa miezi kadhaa, hivyo matokeo hayapimwi katika wiki ya kwanza.

Leza zisizotoboa

Kundi hili huunguza tishu bila kuiondoa. Wimbi la nanomita 1,550 hupenya hadi tabaka la ndani, ndiyo maana hupendelewa kwa makovu ya chunusi. Wimbi la nanomita 1,927, la leza ya thuliamu, hunyonywa na maji kwa nguvu zaidi na kuishia karibu na uso wa ngozi, hivyo hufaa madoa na ngozi iliyoharibiwa na jua. Baada ya tiba uso huvimba na kuwa mwekundu. Kisha hutokea vidoadoa vya kahawia, ngozi ikikwaruza kama msasa, navyo hupukutika vyenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kwa kawaida huhitajika vipindi 3 hadi 5, vikipishana kwa wiki 4 au zaidi.

Leza zinazotoboa

Hizi huivukiza tishu na kuacha vitundu halisi. Leza ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, huacha pia joto kwenye kuta za kitundu. Joto hilo hukaza kolajeni na kupunguza damu. Leza ya Er:YAG, yenye nanomita 2,940, hunyonywa na maji kwa nguvu zaidi ya mara kumi ya ile ya kaboni dioksidi, hivyo hukata kwa usafi na kuacha joto kidogo, ingawa vitone vya damu huonekana kwa urahisi zaidi. Matokeo ya kundi hili ni makubwa kwa vipindi vichache, lakini ngozi hutoa majimaji na magaga, na kupona huchukua siku 5 hadi 10 au zaidi.

Ngozi nyeusi

Ingawa shabaha ni maji, joto na uvimbe huweza kuchochea seli zinazotengeneza melanini, na doa jeusi likabaki palipotibiwa kwa wiki au miezi. Hatari hiyo hupanda hasa vitone vinaposongamana. Kwa hiyo daktari makini hupunguza wingi wa vitone, hurefusha muda kati ya vipindi, hupoza ngozi na mara nyingi huanza na leza isiyotoboa. Melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, huhitaji tahadhari zaidi, kwani huweza kurudi ikiwa imekolea. Aliyetumia mkorogo wa kujichubua amweleze daktari mapema: krimu hizo zikiwa na steroidi hukondesha ngozi na kuchelewesha kupona.

Tahadhari

Macho hukingwa kwa vifaa maalumu, na krimu ya ganzi hupakwa kabla ya tiba. Mwenye historia ya keloidi, maambukizi ya ngozi au virusi vya herpesi huchunguzwa kwanza. Wa herpesi huweza kupewa dawa ya kinga. Baada ya tiba, kujikinga na jua ni lazima. Makovu ya chunusi yaliyo membamba na ya kina sana hayajibu vizuri kwa leza peke yake. Mara nyingi huhitaji kukatwa au kutibiwa kwa asidi kwanza.