Mtoto Akizubaa, Je, Ubongo Wake Umelala?

Umemtuma mwanao maji, kisha unamkuta amesimama mlangoni na kikombe mkononi, macho yako mbali. Unamfokea: "Wewe, akili zako ziko wapi?" Leo tulijibu swali hilo.

Zamani wengi walidhani kwamba mtu asipokuwa na shughuli, ubongo nao hupumzika. Mwaka wa 1924, huko Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Alitangaza habari hizo mwaka wa 1929. Mawimbi hayakukoma hata mtu alipotulia na kufumba macho.

Mwaka wa 2001, Marcus Raichle na wenzake huko St. Louis, Marekani, walieleza jambo la ajabu. Kuna sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi wakati mtu ametulia, na hupunguza kasi anapoanza kazi ya kumakinika. Ndizo zinazotusaidia kukumbuka ya jana, kuwaza ya kesho na kujifikiria sisi wenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu za mwili hata akiwa ameketi tu.

Kwa hivyo mama, mtoto aliyezama katika mawazo si mjinga wala mvivu. Ubongo wake uko kazini.

Lakini kuna kuzubaa kwa aina nyingine. Mwaka wa 1935, mjini Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliwapima wagonjwa wa kifafa kwa njia ile ya Berger. Wakaona mawimbi ya kipekee kwa wale ambao fahamu huwapotea kwa muda mfupi. Kifafa hiki hakina kuanguka wala kutoa povu. Mtoto hunyamaza ghafla kwa sekunde chache, hata katikati ya neno, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Utawatofautishaje? Mwite jina na umguse bega. Mwenye mawazo hugutuka na kukujibu. Mwenye kifafa hiki hajibu mpaka kipite, na huenda kikamjia mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu akikuambia mtoto "hupotea" darasani, usipuuze.

Usimchape, wala usiseme amerogwa. Usimwache peke yake karibu na moto au maji. Andika ni mara ngapi hutokea na huchukua muda gani, kisha mpeleke hospitalini. Dawa zipo, na watoto wengi huzitumia wakaendelea na masomo yao vizuri.

Basi kesho ukimkuta amezubaa, usianze kwa kumfokea. Anza kwa kumwita.