Tathmini ya athari kwa mazingira (Arusha)

Tathmini ya athari kwa mazingira ni uchunguzi wa madhara ya mradi kabla haujaanza, unaofanywa na wataalamu elekezi waliosajiliwa. Nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Huko Kwa Mrombo, eneo la Arusha, suala la kwanza la tathmini hiyo ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi, na vyanzo vingi vya ukanda huu huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia. Mifupa huweza kupinda. Ripoti ya kisima isiyopima floraidi haifai kupitishwa.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto huchuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.