Operesheni Maduka na somo tulilolisahau

Mapema mwaka 1976 ilipigwa mbiu nchini Tanzania ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini, ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Operesheni Maduka, kama ilivyoitwa, haikudumu. Baada ya miezi michache Serikali yenyewe iliisitisha, kwa kuwa mahali pengi maduka ya zamani yalikuwa yamefungwa kabla ya mapya kuwa tayari kuhudumia watu. Leo tukio hilo hutajwa, likitajwa, kama kioja cha zama za Ujamaa. Naona linastahili kusomwa kwa makini zaidi, hasa na wale wanaowahimiza vijana kufungua biashara.

Tutende haki kwanza: azma yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ukoloni uliacha biashara ya jumla mikononi mwa makampuni machache ya kigeni, na faida iliyochumwa kijijini ilihamia mjini, kisha ikavuka bahari. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, makampuni makubwa ya uagizaji yalitaifishwa na kuwekwa chini ya shirika moja la umma, STC. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa, na mikoa ikapata kampuni zake za biashara, zilizojulikana kwa wengi kama RTC. Ikabaki ngazi ya mwisho, yaani duka la kijijini.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Ilidhaniwa kwamba duka ni chumba, rafu na kaunta. Kumbe mwenye duka, hata yule aliyewapunja wateja wake, alikuwa ameshika uzi mrefu. Alijua lori gani linakwenda mjini, na tajiri gani wa jumla atampa mali kauli. Alijua kijiji kinatumia chumvi, sabuni na mafuta ya taa kiasi gani, na nani anaweza kukopeshwa hadi mavuno. Maarifa hayo hayakuandikwa katika daftari lolote ambalo kamati ya kijiji ingeweza kukabidhiwa. Mlango wake ulipofungwa, uzi ulikatika.

Miaka iliyofuata ilionyesha ukubwa wa pengo hilo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na uhaba wa fedha za kigeni, viliziacha RTC zenyewe bila bidhaa za kutosha. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Lakini ulanguzi haukuzaliwa na tamaa peke yake, ulizaliwa pia na uhaba. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa tena, ingawa kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu.

Sisemi haya ili kuwatukuza wafanyabiashara binafsi wala kuubeza ushirika. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini kikundi kinachokopa ili kifungue duka kinahitaji pia kuulizwa: mtanunua kwa nani, kwa masharti gani, na mzigo utafikaje? Asiye na majibu hununua dazeni mojamoja kwa bei inayokaribia ya rejareja, na nauli humaliza faida iliyobaki. Duka likifa, tunamwita mwenyewe mvivu.

Vikundi vitano vikinunua pamoja na kukodi gari moja, vitakuwa vimejenga kile ambacho Operesheni Maduka ilikisahau. Mwaka 1976 tulifunga maduka bila kuandaa njia ya bidhaa. Tusiwafungulie vijana wetu maduka kwa mtindo uleule, kisha tukawadai marejesho.